Keki ya Karkade

Waliniambia keki isiwe nyeupe. Naanza hapo kwa sababu na wao walianza hapo.

Ilikuwa miaka ile baada ya amani kutiwa sahihi. Watu walikuwa wanarudi Juba kwa malori, kila mtu na magodoro yake na watoto wake. Mimi nilirudi kutoka Kenya nikapata ua Atlabara, vyumba viwili na jiko la nje. Binti yangu na mume wake walikaa Gumbo, ng'ambo ya daraja, na watoto wao wanne. Hao wawili walioana jinsi watu walivyooana wakati wa vita, kwa kukimbia pamoja. Ng'ombe wa mahari walikuja baadaye, kidogo kidogo, lakini walikuja. Kilichobaki ni kanisa.

Kanisani kwetu kulikuwa na kamati ya kina mama iliyosimamia harusi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mrefu, aliyerudi kutoka Nairobi kama mimi, lakini yeye alirudi na miwani. Alituita, mimi na binti yangu, tukakaa kwenye benchi kama watu wenye kesi.

"Mama," akaniambia, "huyu tayari ana watoto. Kwa hiyo hii si harusi, ni kubariki ndoa. Kubariki kuna utaratibu wake. Hakuna shela. Hakuna wasichana wa maua. Keki isiwe nyeupe, maana nyeupe ni ya yule ambaye hajaguswa. Na watoto wakae nyuma na jirani, wasionekane mbele."

"Huo utaratibu ulitoka wapi?" nikauliza.

"Ni utaratibu, mama."

"Nimesikia. Nauliza ulitoka wapi. Wakati tunalala porini na hawa watoto tumboni na mgongoni, sikuuona."

Katibu wake, aliyekaa pembeni, akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Mwenyekiti akavua miwani akaipangusa.

"Mama, usitufanyie vita."

"Sifanyi vita. Vita vimekwisha, wametuambia. Nataka kujua tu. Nyekundu imekatazwa?"

Wakaangaliana. Mwenyekiti akasema nyekundu haijasemwa.

"Haya basi. Khalas."

Binti yangu alitembea mbele mpaka tulipofika kwangu. Akakaa kwenye kiti cha kamba, akavua viatu.

"Mama, shela sitaki. Na keki hata wakinipa ya udongo, sawa. Ila watoto wangu wasikae nyuma kama watu waliokuja kuangalia harusi ya wengine. Wao ndio walionishika njia nzima."

Huyu binti si mtu wa kuomba. Tangu akiwa mdogo, akitaka kitu anakaa kimya mpaka umuone. Kwa hiyo aliposema, niliweka moyoni. Kanisani ni kwao, nikamwambia, hapo tutafuata wanavyotaka. Lakini karamu itakuwa kwenye ua wangu, na kwenye ua wangu sijachagua mwenyekiti.

Sasa keki. Kuoka nilijifunza Kenya, kwa mama mmoja tuliyepakana naye ukuta. Hatukuwa na jiko la kuokea, sisi. Unachukua sufuria kubwa, unaweka mchanga wa mto uliochekechwa, unapasha mpaka mchanga uchome mkono. Unaweka sufuria ndogo yenye keki ndani yake, unafunika, na juu ya kifuniko unapanga makaa. Moto wa chini unapika, moto wa juu unatia rangi. Ukifunua ovyo kuangalia, keki inalala na haiamki tena.

Nyekundu nilijua nitaipata wapi. Juba kila nyumba ina karkade, yale maua makavu mekundu tunayochemsha tukanywa na sukari. Nikasema, keki yangu itakuwa nyekundu nje na ndani, wakiikata waone kwamba sikupaka tu.

Nikachemsha karkade, nikakoroga unga kwa yale maji badala ya maziwa. Ukapendeza sana, mwekundu kama maji ya kile kiazi cha kizungu tunachoita biti. Nikaonja. Mkali. Karkade ni chachu, inavuta ulimi. Nikajiambia, kinachoua uchachu ni magadi. Nikatia magadi. Ukapanda, ukatoa povu zuri. Nikaonja, bado. Nikaongeza. Na pale pale, mbele ya macho yangu, wekundu ukaondoka kama mtu aliyeitwa nje. Unga ukawa wa buluu kidogo, halafu wa kijivu.

Jirani yangu Mganda, aliyeuza chapati mbele ya lango langu, alikuwa ameleta mayai. Akachungulia ndani ya beseni.

"Mama, hii iko mgonjwa?"

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Lakini hii rangi mimi nimeona kwa ukuta ya polisi."

Nikaongeza karkade, haikurudi. Unga mwingine sikuwa nao na kubariki kulikuwa kesho. Nikaoka. Sufuria tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Zikapanda vizuri kuliko keki yoyote niliyowahi kuoka, laini, zimesimama. Na zote za kijivu, kama tofali.

Binti yangu alipofika mchana akaziona juu ya meza. Akasimama hapo na mkoba begani.

"Mama, watacheka."

"Wacheke. Mtu akicheka mdomo uko wazi, tutatia keki."

Hakucheka. Akaugeuza uso. Nikaona kwamba yeye aliyesema hata ya udongo sawa, haikuwa sawa. Mwenyekiti angekuja, wanakamati wangekuja, na watoto wake walikuwa tayari wamepangiwa kukaa nyuma, na sasa keki yenyewe imetoka kama jivu, kama kwamba hata unga umekubaliana na kamati. Nikamwambia akalete kinu.

Karkade iliyobaki nikaichemsha tena, bila magadi, pamoja na sukari na ndimu, mpaka ikawa nzito kama asali. Binti akatwanga sukari nyingine kwenye kinu mpaka ikawa unga, tukaichekecha kwa kitambaa changu cha kichwa. Nikachanganya. Ule wekundu ukabaki, maana ndimu inaushika. Tukapaka keki zote tatu, tukazipandisha moja juu ya nyingine, na ule uji mwekundu ukashuka pembeni polepole ukaganda unang'aa. Kwa nje, ungesema imetoka hotelini. Ya ndani nikaiachia Mungu na kisu.

Wengine wakati huo walikuwa wanakodi vyandarua vyeupe na maua ya plastiki kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Mimi nilipita kwa kina mama, Atlabara na Hai Malakal, nikaomba milaya. Milaya ni zile shuka tunazotarizi kwa mkono, maua na ndege na wakati mwingine tausi ambaye aliyemtarizi hajawahi kumwona. Kila mwanamke anazo kwenye sanduku, nyingine zimekimbia naye vita vyote. Nilikwenda kwa wale ambao ndoa zao zilibarikiwa bila keki, asubuhi na mapema, kama watu wanaoficha kitu. Hakuna aliyeninyima. Mmoja akaniuliza, "Ni ya yule aliyekatazwa nyeupe?" Nikasema ndiyo. Akarudi ndani akaleta ya pili.

Tukazitundika kwenye rakuba, kile kibanda cha miti na nyasi tunachojenga uani watu wakae kivulini, mpaka ukikaa chini yake huoni nyasi, unaona ndege tu. Maua tulitengeneza kwa karatasi za chooni. Unakunja kama feni, unafunga katikati kwa uzi, unafungua tabaka moja moja. Yakawa meupe, na nyeupe tumekatazwa. Kwa hiyo tukagusisha ncha zake kwenye sahani ya karkade. Gusa tu, usichovye, ukichovya linakuwa uji. Likikauka lina ukingo mwekundu kama limechorwa kwa kalamu. Kwenye trei tukapanga simsim iliyokaangwa na sukari, tumeifinyanga vidonge, tumeizungushia majani ya mgomba. Peremende za dukani sikununua hata moja.

Kanisani tulifuata. Binti alivaa gauni la rangi ya maziwa ya chai, kichwa kitupu. Watoto wakapelekwa benchi la mwisho. Nilikaa nao. Mchungaji alipomwuliza binti yangu kama anamkubali mwanaume huyu, kabla hajajibu yule mdogo akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, niko huku." Watu wakageuka. Mwenyekiti akageuka pia, akaniangalia mimi, nami nikamwangalia.

Kwenye ua wangu walikuja wengi kuliko nilivyoita. Mwenyekiti alikuja na katibu wake, akazunguka meza ya keki kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Si nyeupe," akasema.

"Mlisema isiwe."

"Na haya maua?"

"Yana nyekundu. Angalia vizuri, vaa miwani."

Akakaa. Muda wa keki ulipofika, akasimama tena akatangaza kwamba kwa kuwa ni kubariki, maarusi hawakati keki pamoja, itapelekwa jikoni ikatwe na kina mama. Hilo hakuwa amelisema kwenye kikao. Nilimwona binti yangu akiinamisha kichwa, na mume wake akimshika mkono chini ya meza.

Nikachukua kisu mwenyewe. Nikaita wajukuu wangu kutoka kule walikokuwa wamekaa, maana walikuwa wamekwenda tena nyuma, hakuna aliyewaambia, walishajifunza. Nikawaita mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na kila mmoja nikaweka mkono wake juu ya kisu. Halafu nikamwita mama yao na baba yao, mikono yao ikaja juu ya yote. Yule mdogo hakufika mezani, baba yake akambeba.

"Mama," mwenyekiti akasema, "hili halipo katika utaratibu."

"Halipo. Liko katika ua wangu. Kateni."

Wakakata. Kipande kikatoka, na kijivu kikaonekana. Halafu kutoka langoni nikasikia sauti ya jirani yangu.

"Mama, nje nyumba iko sawa, lakini ndani imeungua."

Watu wakaanza kucheka, na nilitaka ardhi inimeze, nasema kweli, ingawa uso wangu haukuonyesha. Ila binti yangu hakuinamisha kichwa tena. Alichukua kile kipande, na badala ya kumlisha mume wake kwanza, jinsi inavyofanywa, alimlisha mtoto wake mkubwa. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Yule mdogo alikula, akalamba nyekundu yote kidoleni mwa mama yake, akasema, "Ingine." Hapo kicheko kikabadilika. Mume akala wa mwisho, akaomba kisu akate mwenyewe kipande cha ukubwa wa haki.

Wale kina mama wa milaya wakasimama, wakaja na sahani bila kuitwa. Mmoja wao, mtu mzima kama mimi, akasogea kwenye keki akaniomba akishike kidogo kisu. Ndoa yake ilibarikiwa asubuhi moja na wageni hawakuzidi mashahidi. Nikampa. Akakata, akacheka peke yake, akaenda kukaa.

Ya mwenyekiti nilimpelekea mwenyewe. Aliigeuza sahani.

"Umetia nini humu?"

"Jivu."

Aliniangalia. Nikasimama hapo hapo, sikuondoka. Akala kidogo, akala tena, akamaliza. Akapangusa vidole.

"Magadi yamezidi."

"Ndiyo," nikasema, "yamezidi."

Siku ile ndilo jambo pekee tulilokubaliana.

Jumapili iliyofuata kamati ilikaa, na katibu akasoma mbele ya kina mama wote kwamba kuanzia sasa, katika kubariki ndoa, keki nyekundu pia hairuhusiwi. Nikasimama. Nikamwomba asome tena yote, tangu juu, maana mimi shule yangu ni ya ukubwani na masikio yangu ni mazito. Akasoma tena. Juu ya watoto kushika kisu hakukuwa na neno. Nikamwangalia mwenyekiti. Alikuwa anaipangusa miwani, na haikuwa na vumbi.

Nje ya kanisa wakanizunguka wanawake watatu, kila mmoja ana watoto na hana shela, wananiuliza tufanye nini sasa na hiyo nyekundu imekatazwa. Nikawaambia waje Jumanne na unga na mayai, wasahau karkade. Na waje na watoto wao, wote, kisu changu kina mpini mrefu.

"Lakini rangi, mama?"

"Bizari ninayo," nikasema. "Njano bado hawajaiandika."