Bastola ya Foti Niliyomuuzia Mama Furaha

Nakumbuka Jumanne moja asubuhi, mwanangu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na kujiona najua kila kitu kuhusu bastola. Nilikuwa nauza kwenye duka la silaha hapa Fairfax, Marekani, Mtanzania peke yangu nyuma ya kaunta, kwa hiyo wenzetu wa Kiswahili wakija walinitafuta mimi. Najua unashangaa. Ndiyo kazi niliyoipata.

Siku hizo karibu kila mteja alitaka foti. Ndivyo tulivyoiita bastola ya risasi za kaliba ya foti, yaani arobaini kwa Kiingereza, nene kuliko za milimita tisa, na teke lake mkononi ni kali zaidi. Polisi wengi waliibeba, na raia wakaona kama polisi wameichagua basi ndiyo yenyewe. Za tisa zilikaa rafu ya chini na watu wakizicheka kwamba ni za kuulia panya. Nami nilicheka nao. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Asubuhi hiyo akaingia Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyeishi Herndon, mji wa jirani. Alikuwa amehudumia wagonjwa majumbani miaka mingi, akiwainua na kuwageuza kitandani, mpaka viganja vyake vikaanza kuuma. Sasa kampuni moja ya ulinzi ilikuwa tayari kumpa lindo la mchana kwenye jengo la ofisi, ilimradi awe na bastola yake na afaulu mtihani wa kulenga shabaha.

"Mwana, mi niko na mikono ya kuuma," akaniambia, akininyooshea vidole. "Ni gani itanifaa?"

Sikuvitazama hata vizuri. "Chukua foti, mama. Kila mtu anachukua hiyo."

Akanishukuru, merci, merci sana, tukamaliza makaratasi, akaondoka nayo.

Wiki tatu baadaye akarudi. Alikuwa amefeli mara mbili. Kila alipofyatua, bastola iliruka mkononi na risasi iliyofuata ikaenda pembeni. Mwisho akawa anafumba macho kabla ya kufyatua. Lindo lile akapewa mtu mwingine. Hakupiga kelele, mwanangu. Afadhali angepiga. Aliliweka kasha la bastola juu ya kaunta, akanitazama.

"Nilikuuliza juu ya mikono yangu," akasema taratibu. "Weye ukanijibu juu ya batu bengine."

Batu bengine, yaani watu wengine, wale "kila mtu" niliowataja mimi. Alipotoka nikaenda chumba cha nyuma kwa fundi wetu, mzee Mmarekani aliyetengeneza bunduki tangu ujana wake. Nikamuuliza kwa nini watu wote wanataka foti.

"Miaka minne unaziuza, leo ndiyo unauliza?"

Akapanga risasi mezani. Hii ya thelathini na nane, ya bastola za zamani zenye silinda inayozunguka. Halafu tisa, ikapendwa kwa sababu magazini yake, kile kisanduku cha risasi, inabeba nyingi. Halafu watu wakaogopa kwamba tisa haina nguvu, wakahamia foti. "Na watarudi kwenye tisa," akasema. "Viwanda vinazidi kuiboresha, na mtu hulenga vizuri kwa kitu kisichompiga." Nilimuuliza maswali mpaka akanifukuza ili afanye kazi.

Jumamosi nilimfuata Mama Furaha kwake, nikampeleka uwanja wa shabaha na bastola mbili, ile foti na moja ya tisa. Nilianza kupiga mimi. Matundu yangu ya foti yalitawanyika kwenye karatasi. Ya tisa yalikaribiana. Nikaona aibu, lakini nikacheka pia, maana hatimaye nilikuwa najua kitu. Kisha akashika tisa yeye. Alipiga polepole, akipumzisha viganja, na baada ya risasi kumi akageuka macho yamemtoka: "Hii iko inanisikia!"

Bosi alikubali kumbadilishia. Akafaulu mtihani, akapata lindo la ghala karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, mbali zaidi, mabasi mawili. Lile la kwanza sikuweza kumrudishia.

Miaka ikapita, polisi wengi wakaanza kuiacha foti, na wateja walewale walioicheka tisa wakaja kuinunua, wakiicheka foti. Sasa nasikia vijana wanasifu risasi nyembamba kuliko hata tisa. Nikikutana nao nawauliza kwa nini. Wengine wananieleza vizuri, nami najifunza. Wengine wananitazama tu.

Mwanangu, mtu akikuomba ushauri, mtazame yeye kwanza, usimpe jibu ulilookota kwa umati. Usione haya kusema hujui. Uliza kwa nini, hasa pale wote wanapokubaliana. Na ushauri wako ukimuumiza mtu, usijifiche; mfuate, mtengeneze pamoja kinachotengenezeka.

Mungu akupe masikio ya kumsikia aliye mbele yako. Na hiyo bastola uliyoniambia unataka kununua, akujalie uzeeke nayo bila kuielekeza kwa mtu hata mara moja. Amina.