Ndoo ya Asubuhi

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo pale Kaloleni, nilifungua kopo la mafuta ya kukamulia ili ninuse tu. Harufu ikanirudisha mlimani, bandani kwa bibi.

Ng'ombe wake alikuwa amezeeka, maziwa yamekatika, lakini bibi alimkamua kila asubuhi. Siku moja nilichungulia ndoo. Ilikuwa tupu.

"Bibi, sasa unakamua nini?"

"Nikiacha, atajua nilikuwa nafuata maziwa tu."

Baba aliuita huo ujinga, akaleta mchinjaji. Mchinjaji alifika na kamba, akamkuta bibi kwenye kigoda, vidole vinang'aa mafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Subiri nimalize kukamua."

Kwetu anayekamua hakatizwi, basi akasubiri. Jua likapanda juu ya migomba. Baba alikohoa, akakohoa tena. Mikono ya bibi iliendelea polepole, bila hata tone. Mwishowe mchinjaji akakunja kamba yake, akaondoka.

Ndipo bibi akasimama, akaifunika ndoo kwa jani la mgomba kama kawaida, akanipa niipeleke jikoni.

"Taratibu," aliniambia. "Usimwage."