Memori Iliyoibuka

Sitakuapia. Mashine yenyewe ipo Gungu, chumbani kwangu, inanguruma hadi leo, na ukipita nitakufungulia mlango uione. Mimi huandika riwaya, kutunga nakujua. Kisa hiki sikukitunga.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi kukimbia vita, ufukwe umejaa mabegi na magodoro. Nilikuwa na seva ya gemu niliyoiunda mwenyewe ndani ya kreti la soda. Vijana wa mtaani waliunganisha simu zao hapo, wakajenga humo mji wa kuchezea: nyumba, bandari, hata uwanja wa mpira. Ila ilizimika hovyo, na kila ilipozimika jirani yangu alinicheka ng'ambo ya ukuta.

"Kaka, jeneza lako limekufa tena?"

Huyo alikuwa Mama Belise, fundi cherehani, mkimbizi aliyepata kibali cha kukaa mjini. Juu ya cherehani yake lilining'inia shati la kiume lisilo na vifungo. Siku ya kuvuka, mumewe alimpandisha mtumbwini akamwambia atakuja na unaofuata. Vifungo Mama Belise angevishona mumewe akifika, rangi achague mume mwenyewe. Mvua zilikuja zikapita, shati likabaki vilevile.

Siku moja seva ilizimika na diski ikafa nayo. Mji wote wa vijana ukapotea. Nikaenda madukani kule Mwanga kutafuta vifaa imara: diski mpya, na memori isiyoyumba.

Muuzaji alinimwagia memori mezani. "Chukua hii yenye taa, bosi. Inakimbia kama bodaboda anayeshuka mlima wa Kalinzi!"

"Sitaki inayokimbia. Nataka isiyoanguka."

Akacheka, akaingia stoo kunitafutia nyingine.

Hapo ndipo nilipoona kuna mtu kando yangu. Nisikilize vizuri: ulikuwa mchana wa kiangazi, nje vumbi tupu. Mtu yule alikuwa amelowa. Maji yalimchuruzika mikononi, yakidondoka sakafuni bila sauti. Hakunisalimu. Alipitisha vidole juu ya memori zile taratibu, akairuka ile yenye taa, akainua moja ya zamani iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisini.

"Iyi iribuka," alisema.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Kiswahili ndicho nilichokulia, Kiha nakisikia kwa mbali, na Kirundi hivyo hivyo. Nikadhani ni lafudhi tu. Kichwani nikamsahihisha: hii iliibuka. Nikamtania, "Iliibuka wapi, kaka?"

Akaelekeza kidevu upande wa ziwa.

Muuzaji aliporudi nilikuwa peke yangu. "Nani kamwaga maji hapa?" aliuliza. Nikalipia memori ile ya zamani na diski mpya, nikaondoka.

Wanaojua kompyuta watanicheka, maana memori husahau kila kitu umeme ukikatika. Kinachotunza ni diski, na diski yangu ilikuwa mpya, tupu. Nilipowasha, ulimwengu wa gemu ulipaswa kuwa majani na maji tu. Lakini ufukweni palikuwa na nyumba. Ndogo, paa jekundu, mlango unatazama mlima, dirisha moja limezibwa kwa matofali.

Nikamwita Mama Belise aje aone jeneza limefufuka. Aliinama kwenye skrini, akaweka kidole kwenye dirisha lile.

"Nani kakwambia habari za dirisha?"

"Dirisha gani?"

"Tuliliziba sisi wenyewe, kule kwetu. Mbuzi wa jirani alikuwa akiingiza kichwa anakula pazia." Akacheka kidogo, akaacha. "Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta."

Nikamsimulia ya dukani, ya mtu yule na neno lile: hii iliibuka. Ila kulowa kwake sikukutaja.

"Siyo iliibuka," alisema. "Kwetu iribuka ni inakumbuka."

Kisha akauliza, bila kugeuza uso kutoka kwenye skrini, "Alikuwa amelowa?"

Wewe ungemjibu nini? Nilisema ndiyo.

"Ego," alisema, ndiyo ya kwao. "Basi."

Akarudi kwake. Jioni ile cherehani haikusikika. Asubuhi nilipopita, shati lilikuwa limekunjwa juu ya meza, limeshonwa vifungo vyote kwa mkono, vyeupe. Rangi kamchagulia yeye. Ukutani umebaki msumari.

Tangu siku hiyo seva haijaanguka. Vijana wamejenga mji mwingine kuizunguka nyumba ile. Wanabisha hodi, hakuna anayefungua, na nimewakataza kuvunja mlango. Wananilalamikia niweke memori yenye kasi. Siwezi. Kila jioni Mama Belise huja, hutazama dirisha lile, husema, "Mbuzi bado hajaijua nyumba hii," kisha huondoka.

Nawe ukienda Mwanga kuchagua vifaa, ukamkuta mtu aliyelowa siku ya jua anakuchagulia, usiharakishe kumsahihisha lafudhi. Muulize amesema nini. Halafu, kabla hujageuka kumwita muuzaji, muulize ni nani anayemsubiri.