Makochi ya Wageni

Kwa miaka thelathini na mbili fundi mmoja wa makochi aliwatengenezea watu pa kukaa, na nyumbani kwake hakuwa na kochi la kukalia. Sebuleni mlikuwa na seti mbili, zote bado zimevikwa nailoni ya dukani, zote za wageni. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu kabatini, vya wageni. Hata zulia lilikuwa la wageni. Yeye alilizunguka kwa kuambaa ukuta, viatu mkononi. Na hao wageni wenyewe hawaji! Wakija, wanaona nailoni inavyong'aa, wanaagia mlangoni.

Yeye alikuwa na kiti kimoja tu pembeni ya sebule, alichokijaza sponji mwenyewe akiwa bado anajifunza kazi. Kitambaa kilipauka, mkono mmoja una kiraka, lakini mgongo wake ulikizoea. Alasiri hiyo aliporudi kutoka karakana alikikuta kimetupwa koridoni.

"Kesho inakuja seti ya tatu," mkewe alisema bila hata haya. "Hicho kidude chako jirani atakichukua, kuku wake watagie."

"Ya tatu ya nani, mama watoto? Tumebaki wawili!"

"Ya wageni. Hizi zimepitwa na wakati."

"Zimepitwa na wakati hata hazijakaliwa?"

"Usinipigie kelele, nina maji jikoni." Akaondoka.

Fundi alichoka, alichoka mpaka kope. Alitoka nje, akaufunga mlango, akasimama kidogo. Kisha akagonga.

"Hodi!" akaita kwa sauti nzito ya mtu mwenye heshima zake.

"Karibu! Pita ndani, ukae!" mkewe akaitikia kutoka jikoni, kwa sauti laini ambayo fundi hakuwahi kuisikia tangu enzi za uchumba. "Naleta chai sasa hivi!"

Akapita. Akalikanyaga zulia na viatu vyake. Akakaa katikati ya kochi kubwa, nailoni ikapiga kelele.

Mkewe akatokea na sinia, vikombe vya dhahabu, tabasamu hadi masikioni. "Mgeni yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Si umenikaribisha mwenyewe? Sukari vijiko viwili."

Mkewe akaguna. Akatua sinia, akakaa kando yake, kwa mara ya kwanza tangu makochi yaletwe. Akajisogeza huku, akajisogeza kule.

"Mbona gumu hivi?"

"Ndani ni mbao na maboksi. Una fundi ndani ya nyumba, uliniuliza?"

Mkewe akainuka. Alichukua kikombe, akaenda koridoni, akakiburuta kile kiti hadi mahali pake pa zamani, akajitupa juu yake na kushusha pumzi.

"Kumbe miaka yote hii unafaidi peke yako! Jirani atafute kingine. Na hiyo seti ya tatu nawaambia wasilete."

Fundi hakuamini masikio yake. Kiti kimepona! Akainuka kwa furaha ili mkewe ampishe akikalie.

"Rudi ukae hukohuko," mkewe akamwambia, macho ameshayafumba. "Wewe si mgeni?"