Gari Lililongojewa Mtawanya

Katika miaka ya ruksa, nchi ilipofungua milango na kila kitu kikaingia isipokuwa nauli ya kukifuata kilikotoka, belo la makoti mazito ya sufu lilifika sokoni Kibiti. Belo hununuliwa limefungwa, kama bahati, na aliyelifungua lile alikuwa Abdulswamadu, kijana wa Mtawanya aliyeuza mitumba chini ya turubai karibu na stendi. Alikata kamba, akakuta mavazi ya theluji. Kibiti haijawahi kupata theluji. Aliyatundika hata hivyo, na watu wakaja kuyagusa kwa heshima, kama wanavyomgusa tembo aliyekufa.

Wauza mitumba wana desturi ya kupapasa mifuko kabla ya kuuza. Wengi hupata leso, tiketi ya treni, mara mojamoja jino. Abdulswamadu alitia mkono katika mfuko wa ndani wa koti la kijivu, akatoa gari.

Lilikuwa la urefu wa kiganja, rangi ya damu ya mzee, zito kuliko lilivyoonekana. Halikuwa la kuchezea watoto. Hilo lilijulikana mara moja, kwa namna lilivyomfanya mtu mzima anawe mikono. Magurudumu yake yalikuwa na nyaya nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Viti vilikuwa vya ngozi, ngozi yenyewe, na ukivinusa vilinuka ngozi. Ukiinua boneti ulikuta injini na mirija yake, kila mmoja ukijua unakokwenda. Na mlango ukifungwa ulitoa sauti ndogo, kama ulimi unapobanduka kwenye kaakaa. Chini, tumboni, paliandikwa Italia.

Alilipeleka nyumbani kwa mama yake, Bi Mwamini, ambaye alikuwa barazani akishona mkeka, kama alivyokuwa tangu Abdulswamadu aanze kumfahamu. Bi Mwamini alilishika, akaligeuza, akaufungua mlango na kuufunga.

"Nani kakupa kielelezo?" akauliza.

Hapa yapasa kueleza jinsi mikeka inavyoagizwa Mtawanya. Mtu akitaka mkeka, mshonaji humsukia kwanza kipande kifupi cha ukili, yaani ule utepe wa majani ya milala unaoungwa kwa sindano mpaka uwe mkeka. Kipande kinakuwa na rangi zilezile na msuko uleule waliokubaliana, na mteja huondoka nacho. Mkeka ukiwa tayari, kipande hutandazwa juu yake. Ukilingana, mteja huubeba. Usipolingana, mkeka unarudi kwa mshonaji, bila ugomvi, naye anaanza upya. Na mwenye ukili ndiye mwenye mkeka. Aliyeagiza akifa, mjane huja na kipande, au mtoto, au hata mtu baki aliyekiokota, haulizwi kitu.

Kwa Bi Mwamini, basi, mambo yalikuwa wazi. Mwenye koti aliagiza gari. Wakamtengenezea kipande. Akafa, au akasahau, koti likaja Kibiti, na kipande kiko mikononi mwa mwanawe. Gari lilikuwa la Abdulswamadu. Lililobaki ni mafundi kulimaliza. Ukiacha kosa lililo mwanzoni, hoja hii haina pengo, na nimeshasoma vitabu vinene vyenye sifa hiyohiyo.

Abdulswamadu akaanza kukusanya. Makondakta wa mabasi ya kusini walimletea vigari walivyoviona mijini, na yeye mwenyewe alipapasa mifuko ya mabelo ya watu wengine. Alivipanga ndani ya mkoba wa ukili, na kila kimoja alikigeuza kwanza kusoma tumbo. Kulikuwa na cha Ufaransa. Kulikuwa na cha Ujerumani Magharibi, nchi ambayo wakati huo ilikwisha kuacha kuwapo, ila kigari chake kiliendelea kutembea bila wasiwasi. Baadaye vikaanza kuja vya China, vingi, na miongoni mwao vizuri, jambo lililomtia mawazo, kwa kuwa China aliijua kwa majembe na chupa za chai. Vyote alivipenda. Lakini alivihesabu kuwa ukili wa wanafunzi. Cha Italia ndicho kilichokuwa ahadi.

Baada ya swala ya adhuhuri, soko likiwa limelala, alijinyoosha juu ya makoti yasiyonunulika, kigari kifuani, akaiona Italia. Aliiona na maji. Mto mpana, umepanda mpaka mashambani, na watu wake wakiishi juu ya madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kama Warufiji wakati wa mafuriko, ngazi zikining'inia. Juu ya kila dungu gari lilikuwa likitengenezwa, rangi ya damu ya mzee, na vivuli vya magari vilitikisika majini pamoja na vya mawingu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mtu mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akamwonyesha kwa mkono: bado kidogo.

Aliporudi Mtawanya alijenga banda la kulipokea gari, nguzo za mikoko na paa la makuti, lenye mlango ambao ng'ombe wawili wangepita bila kusalimiana. Kisha akaposa.

Aliyemposa ni Zaitun, mwanamke wa Mahege aliyehamia kwa mjomba wake, Mzee Saidy, baada ya ndoa ya kwanza kumchosha. Zaitun alishona mikeka na alikuwa na maneno. Mshenga alipokwenda, alijibiwa hivi: "Mwambie nitaingia kwake siku gari lake litakapoingia." Mzee Saidy aliona kuwa mpwa wake amekataa kwa adabu. Mshenga naye aliona hivyo. Abdulswamadu aliona kuwa amepewa miadi, akafagia banda.

Miaka ikaenda. Zaitun akipita na mzigo wa milala kichwani, alisimama.

"Abdu, gari limefika wapi?"

"Liko njiani, Bi Zaitun."

"Njia ipi? Hiyo ya Dar mvua imeikata."

"Gari limetupita kabla haijakatika. Litakuwa Ndundu, ng'ambo ya mto, linangoja kivuko lirudi."

"Aa, Ndundu. Basi tulale."

Naye hakuolewa na mwingine, ingawa waliomposa walikuwepo, mmoja akiwa na pikipiki. Akiulizwa, alisema ana miadi. Watu walicheka. Wala hawakujua hasa walikuwa wakimcheka nani.

Ndipo alipokuja Bwana Mikoko. Jina lake la kwao lilikuwa refu na halikukaa mdomoni mwa mtu. Alikuwa mzungu wa mradi, aliyekaa miaka kule Kiongoroni akiwaeleza wakata mikoko kuhusu mikoko, wao wakimsikiliza na kumpa chai. Mkataba wake ulikuwa ukiisha. Siku hiyo alikuja sokoni Kibiti kutafuta kamba ya kufungia masanduku, akapita mbele ya turubai, akakiona kigari juu ya makoti, akasimama kama aliyeitwa kwa jina lake refu.

"Umelipata wapi hilo?"

"Kotini," alisema Abdulswamadu.

Bwana Mikoko aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Akaomba kulishika. Akanawa mikono kwanza, na hapo Abdulswamadu akajua ni mtu wa kabila lake.

"Unajua linakotoka?"

"Italia. Imeandikwa tumboni. Ila Italia si ndogo kama uwanja wa mpira. Wewe unapajua penyewe?"

Bwana Mikoko alipajua. Alikuwa na kabati la kioo kwao, lenye magari ya namna hiyo, na wakati mmoja alikwenda kutazama yanakotengenezwa, kama wengine wanavyokwenda kuhiji. Alisimulia kwa Kiswahili chake cha darasani, taratibu, kila kiambishi mahali pake. Palikuwa ni chumba kirefu, ghorofani, chenye madirisha upande mmoja. Wanawake walikaa mezani kwa safu, vitambaa kichwani. Huyu anashona viti vya ngozi. Huyu anapitisha nyaya za magurudumu kwa koleo dogo kama la kutolea miba. Huyu kazi yake taa tu, mwaka mzima ni taa.

"Wanaongea?"

"Muda wote. Hawatazami mikono yao."

"Basi ni wao," alisema Abdulswamadu. Madungu yalikuwa yameondoka, mto umepungua, na mahali pake pameketi akina mama wa Mtawanya, na milala yao ilikuwa ya chuma.

"Sasa pamefungwa," Bwana Mikoko aliendelea. "Mzee mwenye karakana alikufa. Hizi kazi zimehamia China."

"Na wale wanawake?"

"Sijui. Nafikiri wako nyumbani."

Abdulswamadu alikitazama kigari. "Na gari lenyewe? Lile kubwa?"

Bwana Mikoko alieleza. Hakuna kubwa linalofuata. Kubwa lilikuwapo zamani, dogo likafanywa kwa kuliiga. Watu wazima hununua dogo, wakaliweka kwenye kioo, basi. Abdulswamadu alimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni akikueleza kwamba kwao wali huliwa baridi.

"Na mkishayaweka kwenye kioo, mnangoja nini?"

Bwana Mikoko alifikiri. "Nadhani hatungoji."

"Poleni," alisema Abdulswamadu, na alimaanisha.

Kisha Bwana Mikoko akasema lile lililosikika mpaka Utete. Magari kama hilo yalitengenezwa machache sana, na yeye alilitafuta nusu ya umri wake. Pesa zake zimekwisha, lakini ana Land Rover, mali yake mwenyewe, si ya mradi, na kuisafirisha kwao hawezi. "Nipe hili dogo. Chukua ile kubwa." Abdulswamadu akamwambia ailete Mtawanya Ijumaa.

Kwa hiyo Bi Mwamini alikuwa sahihi. Kosa la mwanzoni lilikwenda mzunguko wake wote, likarudi likiwa ukweli, na wasomi wa Kibiti waliokuwa wakimcheka Abdulswamadu wakatafuta mambo mengine ya kufanya.

Ijumaa baada ya swala, Land Rover iliingia Mtawanya. Watu walijaa. Zaitun alikuwa barazani kwa mjomba wake, mkeka magotini, sindano ikienda na kurudi. Alikuwa amejifunga khanga mpya. Kila mtu aliiona khanga hiyo, Abdulswamadu kabla ya wote.

Bwana Mikoko alishuka, akatoa funguo. Abdulswamadu hakuzichukua. Alitoa kigari, akakiweka juu ya boneti, kama ukili unavyowekwa juu ya mkeka, akarudi hatua moja nyuma.

Land Rover ilikuwa ya kijani kilichokata tamaa. Akaufungua mlango wake, akaufunga. Ukalia kama sufuria. Akaufungua mlango wa kigari, akaufunga. Wanawake wa barazani waliacha kushona ili wasikie. Akachuchumaa kutazama magurudumu, akapapasa kiti, akakinusa. Alichelewesha kwa makusudi, maana alijua anachokwenda kusema na alijua kitamgharimu nani.

"Siyo," alisema.

"Bila shaka siyo," alisema Bwana Mikoko. "Lakini hii inatembea."

"Naona. Ni gari zuri, bwana. Aliyeliagiza atalifurahia." Akakichukua kigari, akakipangusa kwa shati. "Kwetu mkeka usipolingana na ukili, unarudi. Si ubaya. Nikipokea huu, yule mwenye kunishonea wangu nitamwambia nini?"

"Nimekuambia pamefungwa."

"Ulisema wako nyumbani. Nyumbani ndiko mikeka inakoshonwa."

Bwana Mikoko alikiangalia kigari mara ya mwisho, akazirudisha funguo mfukoni. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Macho ya mzungu yalikuwa mekundu, na watu kwa heshima walitazama miguu yao.

Abdulswamadu aligeuka kuelekea barazani. Siku ilikuwa imefika na yeye mwenyewe ndiye aliyeirudisha. Zaitun alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Abdu. Sasa hilo la kweli litakuja lini?"

"Sijui, Bi Zaitun. Sitakudanganya. Pengine haliji."

"Hata ulipokuwa unajua lilikuwa haliji." Akaukunja mkeka, akautia kwapani, akasimama. "Mimi nimelingoja hapa kwa mjomba mpaka nimechoka na stori zake. Kungojea ni kulekule. Nitalingojea kwako."

Bi Mwamini akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akaendelea na kazi. Wanawake wakampisha Zaitun njia. Bwana Mikoko akazunguka kwenda kwenye usukani, akafungua mlango, akakuta kuna mtu kiti cha pili. Mzee Saidy alikuwa amekwisha kupanda, kanzu ameikusanya magotini, mkono mmoja nje ya dirisha, na ilibidi abembelezwe ndipo ashuke.