Asisikie Aliye China

Redio ya mji wetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na ilipiga kantri, nyimbo za makauboi wa Marekani. Mwenyewe alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyezipenda nyimbo hizo barabarani na hakutaka kuzipenda peke yake. Mji wetu uko nyanda za juu, mji wa baridi, viazi na mbao. Mpaka leo sijui kauboi alitufuata huko kutafuta nini, lakini alipofika tulimpokea, na hata wazee wasiojua Kiingereza walikuwa wakiimba naye kwa pua.

Asubuhi zilitangulia nyimbo za dini, kisha matangazo ya vifo. Mchana ilisomwa bei ya viazi, na kama kuna ng'ombe amepotea alitangazwa hapo. Jumapili saa saba, watu wakiwa wametoka kanisani, ndipo ilipokuja Salamu na Kantri. Mtangazaji alikuwa akitufasiria kila wimbo kabla ya kuupiga. "Huyu bwana mkewe kaondoka, kamwachia mbwa. Sasa na mbwa mwenyewe anaumwa." Nilipokuja kuwa mwalimu wa Kiingereza niligundua kwamba wimbo aliotuambia ni wa kumzika mama ulikuwa wa mtu aliyeuza farasi wake kwa hasara. Sikumsahihisha. Mji mzima ulishaulilia, ningeyarudishaje machozi ya watu?

Salamu zetu zilikuwa na mtindo wake. Ulipiga simu, ukataja watu wako mmoja mmoja, kisha ukamaliza kwa kumfungia mmoja mlango: "Asisikie shemeji yangu mlafi." Ulikuwa utani tu, na shemeji alikuwa wa kwanza kuisogelea redio. Asipotajwa, alinuna wiki nzima.

Baba hakuwa mtu wa utani. Alisalimu watoto wake kwa kufuata kuzaliwa, akashukuru, akakata simu. Niliwahi kumwambia anasalimu kama anaita mahudhurio, na hakucheka.

Nilipoacha ualimu nikaja Guangzhou, huku China, kununua na kuuza mikoba na viatu, alisema neno moja tu: mkataa pema, pabaya panamwita. Kisha akanyamaza kweli. Nikipiga simu nyumbani, mama alipokea. Nikimwomba ampe baba, nilisikia kiti kikisogezwa na mlango ukifungwa. Hali hiyo ilidumu miaka. Nilizoea vingi huku, nilizoea kubishana bei na laoban, yaani mwenye duka, kwa kikokotoo na vidole, nilizoea safari za mji wa Shiling kukagua ngozi. Ule mlango sikuuzoea. Uliniuma kila mara kama siku ya kwanza.

Redio ilipoanza kusikika kwenye simu kwa intaneti, nikawa naisikiliza Jumapili dukani kwangu karibu na stesheni ya Liuhua. Saa saba ya kwetu ni saa kumi na mbili jioni ya huku. Jumapili ya kwanza nilimsikia baba. Alimsalimu kaka yangu muuza mbao, akamsalimu dada yangu muuguzi, na zamu yangu ilipofika, akairuka. Kisha, yeye asiyejua utani, akasema, "Asisikie aliye China."

Mtangazaji alicheka. Mimi sikujua nicheke au nilie. Kwa mtu mwingine ningejua ni utani. Kwa baba, ingeweza kuwa laana.

Alirudia hivyo kila alipopiga, na mimi sikuacha kusikiliza. Jirani yangu wa duka, mama mmoja wa Lubumbashi, aliniona siku moja nikifuta macho. Nikamweleza.

"Mais dada," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "mutu hawezi kukataza mutu mwenye hayiko. Papa yako anajua uko unasikia."

"Au anataka nisisikie kweli."

"Basi angenyamaza. Kunyamaza haiko kazi ya nguvu."

Maneno yake yalinipoza kidogo, ila hayakunitosha. Nilitaka kusikia kwa baba mwenyewe.

Mwaka huu yule dereva mstaafu alifariki, na warithi wake wakaiuza redio. Wenye mali wapya wanataka mpira na muziki wa vijana. Mtangazaji akatutangazia kwamba Jumapili inayofuata Salamu na Kantri itakuwa ya mwisho. Redio ikifa, baba angenifungia mlango wapi tena?

Jumapili hiyo ilinikuta na wageni wa maonyesho ya biashara ya Pazhou. Mteja kutoka Mwanza alikuwa amepanga jozi za viatu sakafuni, anachagua za kuagiza kwa wingi. Nilimhudumia nikiwa na kisikilizio sikio moja. Mtangazaji alikuwa akipokea simu na kwikwi imembana. Ikaja sauti ya baba, imezeeka kuliko nilivyoikumbuka. Akamsalimu kaka, akamsalimu dada. Akaniruka.

"Na leo asisikie nani, mzee wetu?" mtangazaji akauliza.

"Leo hakuna," baba akasema.

Nilikaa juu ya maboksi. Mteja aliniuliza kama ipo namba arobaini na mbili, nikampa thelathini na nane. Nilijua sasa kwa nini mashemeji wasiotajwa walikuwa wakinuna.

Lakini simu haikukatwa. Nilimsikia baba akikohoa.

"Huko kwake sasa jua linazama," akasema. "Mwambie afunge duka, ale."

"Nani huyo, mzee?"

"Anajua mwenyewe."

Gitaa likaanza kulia. Mara hii hakuna aliyetufasiria wimbo unasema nini. Nilisimama, nikaanza kurudisha viatu kwenye maboksi, machozi yakinitiririka waziwazi. Mteja akashangaa, maana alikuwa bado hajamaliza kuchagua. Nikamwambia arudi kesho, baba amesema nifunge duka.