Mtu wa Sauti Saba

Babu, mzaa mama yangu, alikuja kwangu Hounslow, London, mwisho wa mwaka 1994 kutibiwa koo. Alikuwa amepita miaka themanini. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye mgahawa wa uwanja wa ndege.

Mombasa, watu wa rika lake walimjua kwa sauti kabla ya sura. Ujanani alichekesha harusini, kisha akaingia kikundi kilichoigiza kwenye majumba ya sinema kabla picha haijaanza. Vita vikamchukua hadi Burma kuwachangamsha askari. Aliporudi alizunguka na gari la matangazo ya sabuni, hata akaishia redioni. Huko aliigiza nyumba nzima peke yake, watu saba, pamoja na mavyaa, mama wa mume, aliyegombana na kila mtu.

Hospitali walisema uvimbe umeshika kisanduku cha sauti, lazima kitolewe chote. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Babu, watakupasua kooni. Utapona."

Akanitazama. "Mama," ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "yule daktari amesema maneno mengi kuliko hayo."

Nikamwambia yote. Akauliza, "Basi nitasemea nini?"

Daktari alieleza habari za vifaa na mazoezi. Sikuwa na Kiswahili cha mambo hayo. "Watakufundisha," nikasema.

Jumapili kabla ya operesheni nilinunua kaseti tupu, nikaitia kwenye redio ya kurekodia. Nikamwomba anifanyie yule mavyaa. Alikunywa maji ya moto, akaweka kofia sawa, akafungua kinywa. Kilichotoka ni mkwaruzo na kikohozi. Akajaribu tena.

"Zima," akasema.

Nikazima.

Baada ya operesheni nesi alimpa daftari na kalamu. Akaandika upesi, kutoka kulia kwenda kushoto. Skuli ya Kizungu hakuwahi kuiingia. Alisoma chuo cha Kurani tu, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Mimi masomo ya Kurani niliyaacha utotoni. Nilitambua herufi mbili tatu, basi. Nilipotikisa kichwa, aliandika upya kwa herufi kubwa zaidi. Nikawa nabahatisha. Maji? Mto? Waumwa? Midomo yake iliyovimba nayo sikuweza kuisoma. Mwishowe akawa anakubali lolote nisemalo, akageukia ukuta.

Ilinichukua wiki tatu kupata wa kunisaidia, mzee mmoja wa Kizanzibari aliyekaa Walthamstow. Nilivuka London na daftari mkobani. Mzee akavaa miwani, akafunua kurasa polepole.

"Aomba umrudishe kwao kabla ya Ramadhani," akasema. "Kaandika mara sita." Akafunua tena, akasita.

"Soma tu, mzee."

"Hapa asema, najua wajifanya huwezi kusoma kwa sababu huna la kunijibu. Sina ghadhabu nawe."

Ramadhani ilikuwa imefika siku ya kumi. Nilikwenda hospitali moja kwa moja, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Wallahi babu, sikuweza kusoma. Sikujifanya." Alinitazama muda mrefu. Kama aliniamini, sijui. Aliupigapiga mkono wangu, kama mtu amnyamazishaye mtoto.

Nilimuuliza daktari kuhusu kumrudisha kwa ndege. Akakataa: hali ya babu haikuruhusu. Nikauliza tena kesho yake, nikajibiwa vilevile. Babu alifariki baada ya Idi, tukamzika huku huku, mvua ikinyesha, watu kumi na wawili, na ni mimi peke yangu niliyekuwa nimewahi kumsikia akiigiza.